Upendo na Pishi ya Haki

Leo tumekusudia kusema nanyi habari za neno moja litajwalo sana katika makanisa yetu, tena litajwalo kwa urahisi mno, nalo ni upendo. Tunasema nanyi kutoka Madungu, katika mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba. Huku Wakristo ni wachache, na majirani zetu walio wengi ni Waislamu. Basi wasiosoma vitabu vyetu hutusoma sisi wenyewe. Jirani hatuulizi sana tunaamini nini; hutazama jinsi tunavyonunua na kuuza, tunavyokopa na kulipa.

Natuanze kwa mfano. Tuseme yuko mtu, Mkristo, mwenye shamba la mikarafuu. Msimu umewadia, na wachumaji wanakuja alfajiri na ngoe zao. Wanapanda hata matawi ya juu, mahali ambapo tawi likikatika mtu huvunjika kiungo, au hufa. Jioni huketi kuchambua karafuu na makonyo, kisha hupimiwa, na ujira wao ni kwa hesabu ya pishi. Sasa mwenye shamba huyu hupokea pishi ya tele, iliyorundikwa hata inafurika, naye hulipa kama kwamba ni pishi ya mfuto. Tena ujira wenyewe huuchelewesha mpaka karafuu ziuzwe. Lakini siku ya Krismasi ikifika huchinja mbuzi, akawaita wachumaji wale wale, akawagawia wali na nyama. Watu humsifu, husema, “Huyu ndiye mtu wa upendo.” Je, wasikilizaji, ndivyo?

Sisi twasema sivyo. Upendo wa Kikristo hauanzi katika kutoa kilicho chetu. Huanza katika kumpa mwenzetu kilicho chake. Zawadi iliyokatwa katika haki ya mtu si zawadi, ni deni lililopakwa asali. Hili ndilo neno letu la leo, na tutalieleza kwa habari za vitabu na kwa habari za kisiwa chetu hiki.

Lugha yetu ina maneno mengi ya kupenda: kuna huba, kuna mahaba, kuna mapenzi. Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Maana mapenzi ya namna hiyo humjia mtu bila kuitwa. Lakini upendo tunaofundishwa katika imani ni amri, na kikohozi hakiamriwi. Hakuna awezaye kuuambia moyo wake, “Mfurahie fulani,” nao ukatii papo hapo. Lakini mkono huamriwa ukatii. Kwa hiyo Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria aliyemkuta mtu amepigwa na wanyang'anyi njiani. Wayahudi na Wasamaria hawakupatana. Hatuambiwi kwamba Msamaria yule aliwapenda Wayahudi wote tangu siku ile. Twaambiwa alifunga jeraha, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa iliyozidi atakaporudi. Upendo wake ulikuwa na hesabu ndani yake.

Sasa natutazame habari za Pemba. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa, wengi wao wametekwa bara. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, mahali pale pa soko, Mkunazini, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia kazi ya kulijenga ni Edward Steere, aliyekuwa Askofu tangu 1874, na ambaye alifanya kazi kubwa ya kufasiri Maandiko kwa Kiswahili.

Ni jambo jema kusimamisha altare mahali walipouzwa watu. Lakini tusisahau jambo la pili. Soko lilifungwa, utumwa haukufungwa. Kwa miaka 24 baada ya jiwe lile kuwekwa, sheria ilimkubali bado mwenye mtumwa, na huku Pemba karafuu zilichumwa na mikono isiyolipwa. Watu waliimba Mkunazini, na ng'ambo ya bahari wengine walipanda mikarafuu bila hiari yao. Hapo twajifunza kwamba upendo unaoishia mlangoni pa kanisa haujafika safari yake.

Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba hali ya utumwa haitatambuliwa tena kisheria. Amri ile ilikuwa ya heri, lakini tazameni jinsi ilivyopimwa. Mtumwa hakuamka asubuhi akawa huru. Ilimpasa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake. Akishapewa, ilimpasa aonyeshe anakaa wapi na anakula nini, asije akahesabiwa mzururaji. Mabwana waliweza kulipwa fidia na serikali kwa hasara yao. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka aliyotumika. Na wale masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo, hata ilipotoka amri nyingine mwaka 1909. Pishi ilikuwa ya tele upande mmoja, na ya mfuto upande wa pili.

Katika mwaka ule ule wa 1897 walifika Pemba Wakristo wa jamii iitwayo Marafiki, ambao Waingereza huwaita Quakers. Mmoja wao alikuwa Theodore Burtt. Watu hawa hawana makasisi, na katika ibada yao hukaa kimya wakingoja mtu aongozwe kusema. Huko kwao walikuwa wamepinga utumwa kwa muda mrefu. Basi walinunua shamba mahali paitwapo Banani, karibu na Chake Chake, wakawaajiri watu walioachwa huru, wachume karafuu kwa ujira. Walitaka kuonyesha kwamba mkarafuu huzaa na kuchumwa bila mnyororo.

Hatusemi kwamba watu wale walikuwa malaika. Walikuwa na kanuni kali, na aliyekaa katika shamba lao alikaa chini ya kanuni hizo. Tena aliyetoka utumwani akapata ujira, bado shamba lilikuwa la mwingine. Lakini jambo moja walilifahamu vema, nalo ndilo tunalolishika leo: kwamba huwezi kumwambia mtu “ndugu yangu” jioni, nawe mchana kutwa umemfanyisha kazi bure. Mahubiri yao ya kwanza yalikuwa fedha iliyowekwa mkononi mwa mchumaji.

Jambo hili si jipya. Katika Agano Jipya kuna waraka mfupi sana, ambao wengi wetu huuruka tusomapo, nao ni ule Paulo aliomwandikia Filemoni. Filemoni alikuwa na mtumwa, jina lake Onesimo. Jina hilo katika Kiyunani maana yake ni mwenye kufaa. Nasi pwani twayajua majina ya namna hiyo. Mabwana waliwapa watumwa wao majina kama Feruzi, yaani jina la kito, na Mabruki, yaani aliyebarikiwa. Mtu huitwa kwa jina la mali au la baraka, lakini baraka yenyewe ni ya bwana wake. Onesimo alitengana na bwana wake, akamfikia Paulo kifungoni, akaamini. Paulo akamrudisha na waraka mkononi. Anamwomba Filemoni ampokee, si kama mtumwa tena, bali zaidi ya mtumwa, kama ndugu mpendwa. Tena kuna neno moja tusilipite. Paulo anasema ikiwa Onesimo ana deni, deni hilo liandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalilipa. Na maneno hayo aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Mnaona, wasikilizaji? Mtume aliyeandika habari za upendo kwa maneno mazuri kupita yote, akiwaeleza Wakorintho kwamba bila upendo hata ufasaha wa ndimi ni kelele tupu, ndiye huyu anayesema habari za deni. Kwake mambo haya mawili hayakuwa mbali. Wengine wameuliza kwa nini hakumwamuru Filemoni waziwazi amwache huru mtu yule, na swali hilo ni la haki. Lakini mwenye kusoma waraka ule kwa moyo mnyofu hawezi kumpokea ndugu yake leo, na kesho akampeleka sokoni.

Na mara nyingine upendo hauna budi kusema kwa sauti kubwa, hata mbele ya wenye nguvu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, serikali ya Kenya ilitoa maagizo ya kuwasukuma Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1908 mpaka alipokufa 1924, aliandika kijitabu mwaka 1920 kupinga kazi ya kulazimishwa. Alikuwa Mwingereza akiwakemea Waingereza. Angaliweza kunyamaza, akaendelea na ibada zake kwa amani. Lakini aliona kwamba kumhubiria mtu upendo, na kunyamaza anaponyang'anywa jasho lake, ni kumdanganya.

Basi natumrudie mwenye shamba wetu. Afanye nini? Aache kuchinja mbuzi? La, karamu ni njema, na kuwalisha wageni ni desturi yetu sote, Wakristo na Waislamu. Lakini kabla ya mbuzi na iwe pishi. Apime mfuto palipo mfuto, na penye tele alipe tele. Ujira aulipe siku waliyopatana, maana mchumaji ana watoto wanaongoja jioni hiyo hiyo. Na ikiwa amekwisha kupunja, asitosheke na kutubu moyoni. Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru, alipompokea Yesu nyumbani mwake hakusema tu kwamba amesikitika. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Toba yake ilisikiwa na waliodhulumiwa.

Nasi tusio na mashamba tusidhani neno hili limetupita. Kila mtu ana pishi yake. Mwenye duka ana mizani. Mwalimu ana saa za darasa, ambazo ni haki ya watoto. Mwanafunzi aliyeazima kitabu ana kitabu cha mwenzake. Mume ana ahadi aliyompa mkewe. Aliyemsingizia jirani amemchukulia jina jema, naye hana budi kulirudisha mbele ya watu wale wale aliowaambia uongo. Mwenye kinyongo naye ana deni, kwa sababu sisi sote tuliosamehewa tumeagizwa kusamehe.

Tena tusiwabague majirani katika kulipa. Hapa Pemba Mkristo hufiwa, na Waislamu wakaja kukaa naye. Muislamu hufiwa, na sisi twaenda. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mchumaji anayepunjwa haumwi kidogo kwa sababu aliyempunja ni wa dini nyingine. Huumwa zaidi, kwani pamoja na fedha yake huona na dini ya mwenziwe imetiwa aibu.

Wasikilizaji wapenzi, mikarafuu ingaliko Pemba, na kila msimu watu huipanda. Karafuu haina dini, wala haisemi ni mkono gani ulioichuma, wala kama mkono ule ulilipwa. Lakini mchumaji ajua, na Mungu ajua. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na ajiulize si ni nani nimpe zawadi, bali ni nani ninayemwia haki yake, kisha kesho asubuhi aende akaipeleke.