Kinu cha mama

Maneno haya yalisemwa na mama mmoja wa chama kwenye mkutano mkuu, kabla wanachama hawajapiga kura juu ya nani anaweza kusaidiwa na sanduku letu. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tumepunguza tu pale aliporudia.



Komite iliniomba niseme juu ya ujasiri na wema katika maisha ya kila siku. Nilicheka. Nikamuuliza katibu: "Ujasiri gani? Mimi naogopa hata chura." Akanijibu: "Mama, sema tu yale uliyoyaona." Basi nitasema yale niliyoyaona, na mwisho nitasema neno juu ya kura ya leo, sababu nikinyamaza juu ya hiyo nitakuwa nimewadanganya.

Watu wa mbali wakisikia kwamba tulikimbia vita tukavuka Tanganyika, wanafikiri ujasiri wetu ulikuwa kule majini. Mwaka 1996 mimi nilikuwa msichana wa miaka 17. Tulivuka usiku, mtumbwi umejaa mpaka maji yanaingia, mama amenishika mkono hata ukauma. Sikuwa jasiri. Nilivutwa tu. Na mwaka 2007, tuliporudi kutoka kambi ya Lugufu, meli ilitutoa Kigoma kutuleta Baraka, na mimi nilitapika njia nzima. Bwana yangu alishika watoto wanne, mimi nilishika ndoo. Wenzangu walipoona milima ya kwetu waliimba na kulia. Mimi milima niliiona juu ya ukingo wa ndoo.

Mama hakurudi nasi. Amelala Lugufu. Kambi yenyewe ilifungwa mwaka 2009, makaburi yakabaki.

Pale Baraka tuligawiwa vitu, mnakumbuka: bashi, mablanketi, sufuria, jembe, chandarua, na chakula cha kuanzia. Tukapanda lori. Kila kijiji tulichopita, watu walisimama kandokando ya barabara wakituangalia. Sisi tulipunga mikono, tukidhani wanatufurahia. Wengine walifurahi kweli. Lakini leo nikikumbuka nyuso zile, naona walikuwa wanaangalia zile sufuria mpya. Wao walikaa porini miaka yote ile, walichomewa nyumba mara mbili, mara tatu, na hakuna aliyewagawia hata kijiko. Siku ile sikulifikiria jambo hilo. Nilikuwa naangalia mbele tu, natafuta mwembe wa baba.

Mwembe niliuona kabla lori halijasimama. Baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Na chini ya mwembe kulikuwa na nyumba ya udongo, na mama mmoja anaosha sahani.

Binti yangu wa kwanza, aliyezaliwa kambini, alimwendea kwa heshima kama alivyozoea kule: "Shikamoo." Yule mama akamtazama. "Shika nini?" Watoto wa pale wakacheka sana. Kwa muda mrefu waliwaita watoto wangu "Watanzania", na walipocheza mpira waliwaweka timu yao peke yao.

Yule mama akaniangalia mimi. "Weye ni mutoto wa nani?" Nikataja jina la baba. Akaweka sahani chini, akanyamaza, halafu akasema: "Basi mumekuya kunifukuza."

Alikuwa mjane. Vita ya 1998 ilimkuta hapa hapa. Kwao kulichomwa, na shefu wa kijiji alimwonyesha parsele yetu, akisema wenyewe wameenda, kaa. Hakuiba. Lakini mimi moyoni nilimwita mwizi. Bwana yangu alitaka twende kwa shefu. Shemeki yangu alitaka kuja na vijana watoe vitu nje usiku. Kaka yangu, aliyekuwa Nyarugusu, alituma ujumbe: "Hiyo ni ardhi ya baba, usiachie hata hatua moja." Tukafunga bashi letu nyuma ya kanisa, mita kama 200 kutoka pale, tukaanza kesi.

Majuma matatu. Kwenye chemchemi hatukusalimiana. Nikifika, yeye anaondoka. Na kila alfajiri nilimsikia akitwanga muhogo katika uwanja wa baba yangu. Tu, tu, tu. Wamama mnajua, kinu kila kimoja kina sauti yake. Mimi sikuwa na kinu. Kambini tulikula sana unga wa mahindi wa mgao, na vinu vichache vilivyokuwa kule tuliviacha. Nikitaka kutwanga nilizunguka kuomba, na mtu akikupa kinu chake asubuhi anakupa kwa saa moja, na uso wake unahesabu dakika. Kwa hiyo nilipomsikia yule akitwanga nilikasirika mara mbili: kwa parsele, na kwa kinu.

Siku moja, mchana, wanawe wawili wakaja wanaviringisha kitu njiani. Mkubwa alikuwa na miaka kama kumi. Walikuwa wanahema. Akasema, kama mtoto aliyekariri somo: "Mama anasema hii kinu iko ya mama yenu. Aliikuta ku parsele. Alikuwa anaichunga tu."

Nikainama kuangalia. Kweli kilikuwa na ufa pembeni, na waya baba aliofunga. Kilikuwa kinu cha mama.

Baadaye sana yule mjane alinieleza kilichotokea. Wakati wa vita watu wenye silaha walikuwa wakipiga kambi katika vijiji vitupu, wakipikia milango, vitanda, viti. Kinu kikavu kinawaka vizuri kuliko kuni. Kwa hiyo kila alipokimbilia porini alikizamisha katika kidimbwi cha kuvundika muhogo, anaweka mawe juu, na akirudi anakitoa. Hakujua ni cha nani. Lakini alijua kina mwenyewe. Siku ile kwenye chemchemi alimsikia mama mkwe wangu akieleza juu ya kinu chenye waya, basi akajua.

Sasa ngoja niseme kile kinachonifanya nisimame hapa. Siku ile nilifurahi, nikatwanga, tukala bugali na ndagala, nikalala. Alfajiri nikaamka kama kawaida, nikasikiliza. Kimya. Upande wa mwembe hakuna sauti. Nikakaa kitandani nikaelewa: yule mama hakuwa na kinu kingine.

Na hapo ndipo nilipoogopa kuliko kwenye mtumbwi. Kwenda kwake ilikuwa lazima nipite mbele ya watu wote waliojua kesi yetu. Bwana yangu angeuliza niko upande gani. Kaka yangu angesikia, maana habari za hapa zinafika Nyarugusu haraka kuliko simu. Na yule mama mwenyewe angeweza kunifukuza. Nilikaa siku mbili bila kwenda, nawaambia ukweli. Siku mbili watoto wake walikula muhogo wa kuchemsha. Siku ya tatu nikachukua beseni la muhogo mkavu, nikapita njia ya nyuma kwa aibu, nikasimama kwenye uwanja wa baba yangu kama mgeni, nikasema: "Mama, kuya tutwange. Peke yangu nachoka."

Alikuja. Hatukuongea habari ya parsele. Tuliongea juu ya ndagala zilivyopanda bei.

Yeye ndiye aliyenipa miti ya mihogo ya kupanda msimu ule. Sisi tuliorudi tulikuwa na majembe mapya na hatukuwa na mbegu, na mihogo mingi ya zamani ilikuwa imeharibika kwa ule ugonjwa wa majani kujikunja. Alijua shamba gani limepona, akaenda kuniombea. Mimi nilimpa sufuria moja na blanketi. Baada ya mwaka hivi tulikwenda wenyewe kwa shefu, yeye na mimi na bwana yangu, tukagawa parsele mbele ya wazee. Mpaka ni mwembe. Upande wa juu wangu, upande wa chini, kwenye ziwa, wake na wa watoto wake. Kaka yangu hakusema nami miaka minne. Alisema nimetoa mali ya baba kwa ajili ya kinu. Sikuwa na jibu zuri la kumpa, na hata leo sina. Tunaongea sasa, lakini hilo hatuligusi.

Wafadhili wetu wasifikiri kwamba tangu siku ile nimekuwa mtu mwema. Niseme na ubaya wangu, wenzangu wa kikundi cha wamama wanaujua. Nilipokuwa mwekahazina wetu, alikuja dada mmoja, mtoto wake amelazwa, anahitaji kukopa. Hakuwa ameleta mchango miezi mitatu. Nilimwambia sheria ni sheria. Pesa zilikuwa mkononi mwangu, hapa, nimezifunga kwenye kitenge. Akaenda akauza cherehani yake akalipa kituo cha afya. Mtoto alipona, asante Mungu, lakini cherehani ile ndiyo iliyokuwa inamlisha. Kila nikimwona amebeba matofali napitia upande mwingine wa barabara. Kanuni sikuivunja. Na hakuna mtu aliyenilaumu kwenye mkutano. Ndiyo maana naogopa watu wanaposema "kanuni zetu ziko wazi".

Maana kanuni yetu ya leo iko wazi kabisa. Inasema sanduku linasaidia mwanachama aliyerudi kutoka ukimbizini na jamaa yake. Tuliiandika sisi wenyewe, na wakati ule ilikuwa na sababu: hatukuwa na mtu, tuliitwa wageni kwetu, tulihitaji kuzikana.

Lakini mwaka 2024 ziwa lilipanda. Mliona Uvira, mliona Kalemie, hata Bujumbura upande wa pili maji yaliingia manyumbani. Hapa kwetu ilikuwa kidogo kidogo, kila asubuhi hatua moja. Upande wa chini wa parsele ya baba umeingia majini. Nyumba ya yule mama ilianguka ukuta mmoja, halafu mingine. Shamba lake sasa wanavulia samaki.

Kumbukeni nani alichagua upande wa juu. Ni mimi. Tulipogawa aliniambia: "Chagua weye, ni kwa baba yako." Nikachagua penye mwembe. Ningechagua chini, leo mimi ndiye ningekuwa mbele yenu naomba mabati, na kanuni ingenikubali mara moja.

Yeye analala jikoni kwangu tangu wakati ule, na mjukuu. Hajui kwamba naongea habari zake, angejua angekataa. Si yeye peke yake. Kuna nyumba nyingine nne pale chini, zote za watu ambao hawakukimbia, na wawili kati yao ndio waliotuonyesha mipaka ya mashamba yetu tuliporudi tumesahau hata njia. Nimesikia wengine wanasema: tukiwafungulia hao, sanduku litakwisha. Inawezekana. Mimi nimeshika pesa za kikundi, najua zinavyokwisha. Wengine wanasema wafadhili wanatoa kwa ajili ya waliorudi, na kwenye fomu zao kuna mstari wa waliorudi. Wafadhili wako hapa, tuwaulize wenyewe tusiwasemee.

Ninachoomba ni maneno matatu tu yaongezwe kwenye kile kipengele: "na majirani zao". Komite iweke kiasi, iweke mpaka, iseme ni mara moja kwa mwaka, mimi sina neno. Na kama kura itakataa, sitatoka katika chama, msiogope, nitaendelea kuleta franka zangu 2000 kila mwezi.

Nimemletea katibu mchango wa miezi sita kwa jina la yule mama. Alikataa kuupokea sababu jina haliko kwenye kitabu. Pesa ziko juu ya meza ile pale, katika bahasha. Mkimaliza kuhesabu kura mtaniambia nizichukue au niziache.