Ua la Uani na Saratani



Lile ua dogo la waridi lenye asili ya Madagaska, tunalopandia nyua, huko Jamaika watu walikunywa chai yake kwa kisukari. Robert Noble na Charles Beer wa Kanada wakayajaribu majani kwa panya. Kisukari wapi! Chembe nyeupe za damu ndizo zilizopungua. Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Dawa nyingine ya majani hayohayo, vinkristini, hutibu saratani ya damu ya watoto.

Lakini vijana, hudungwa mshipani kwa miligramu zilizopimwa, na gramu moja hutoka katika mamia ya kilo za majani. Kuyachemsha ni kunywa sumu isiyo na kipimo. Kama nyumbani yuko mgonjwa anayepewa kikombe hicho, kimwageni. Mpelekeni hospitali wiki hii.