Herufi "e" na Haki ya Mwananchi Kuielewa Huduma

Mada iliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata



Ipo herufi moja ndogo ambayo siku hizi hubandikwa mbele ya majina ya huduma nyingi: herufi "e". Huonekana katika maneno ya Kiingereza kama "e-mail", "e-government", "e-passport" na "e-receipt". Aliyezoea Kiingereza huipita bila kusita. Asiyekizoea huweza kusimama mbele ya tangazo, akadhani kwamba huduma hiyo imetengwa kwa ajili ya wenye simu janja, akarudi nyumbani bila kupata kilicho haki yake. Ndiyo maana herufi hiyo yastahili kuelezwa hadharani.

Asili yake ni ya kale. Wayunani waliona kwamba utomvu wa miti uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, ukisuguliwa, huvuta makapi. Utomvu huo waliuita "elektron". Kiswahili nacho kinalo jina lake, kaharabu, lililotoka Uarabuni. Na Waarabu hadi leo huuita umeme kwa neno la shina hilo hilo. Mwaka 1600 tabibu Mwingereza, William Gilbert, alitoa kitabu cha Kilatini juu ya sumaku, na humo akatumia neno lililotokana na "elektron" kuvitaja vitu vyenye tabia hiyo ya kuvuta. Kutokana na shina hilo wataalamu wa baadaye walipata jina la elektroni, na hatimaye la vifaa vya kielektroniki kama redio, televisheni na kompyuta.

Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao, akichagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Ujumbe wa namna hiyo ulikuja kuitwa "electronic mail", na kwa ufupi "e-mail". Biashara ya intaneti iliposhamiri katika miaka ya 1990, herufi hiyo ilibandikwa kila mahali, hata American Dialect Society, chama cha wachunguzi wa Kiingereza cha Marekani, kikaichagua "e-" kuwa neno la mwaka 1998.

Kiswahili sanifu kilitafuta njia zake chenyewe. "E-mail" ikawa barua pepe. "E-government" ikawa serikali mtandao, jina lililoingia hata katika Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao. "E-passport" ikawa pasipoti ya kielektroniki. Atakayeyatazama majina hayo kwa makini ataona kwamba Kiswahili kimetenganisha mambo ambayo Kiingereza kimeyafunga katika herufi moja. Neno kielektroniki hueleza kifaa au umbo la kitu. Neno mtandao, lenye undugu na kutanda na kutandaa, hueleza njia inayowaunganisha watu na ofisi zilizo mbali.

Tofauti hiyo inamgusa kila mkazi. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa nchini tarehe 31 Januari 2018, ni kitabu kinachoshikika mkononi. Ndani yake mna chipu ndogo yenye taarifa za mwenyewe. Msafiri hahitaji intaneti katika simu yake ili kuionyesha mpakani. Kujaza fomu ya maombi katika tovuti ndiko kunakohitaji mtandao. Risiti ya kielektroniki ya dukani nayo ni karatasi inayochapwa na mashine ya EFD. Mnunuzi anapaswa kuidai, awe na simu au asiwe nayo. Vivyo hivyo malipo ya Serikali kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba, hayahitaji simu janja. Namba hiyo hulipiwa benki, kwa wakala, au kwa simu ya vitufe kupitia menyu ya huduma za fedha.

Wapo pia wanaodhani kwamba kitu cha kielektroniki si cha kweli mpaka kigongwe muhuri. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema vinginevyo: ujumbe wa data haukataliwi kuwa ushahidi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kwa hiyo ujumbe wa simu unaothibitisha kwamba ada au ushuru umelipwa usifutwe ovyo. Huenda ukahitajika siku ya mabishano.

Pale neno lisipoeleweka, tapeli hupata nafasi. Mtu asiyejua huduma inavyokwenda huweza kumkabidhi mtu baki simu yake pamoja na namba yake ya siri, au kumpa fedha taslimu anayejitia kumsaidia "kulipia kwenye mfumo". Hakuna mtumishi wa umma anayehitaji kuijua namba ya siri ya mwananchi, na fedha aliyopewa mtu mkononi bila namba ya kumbukumbu ya malipo ni vigumu kuifuatilia.

Wajibu basi uko pande mbili. Ofisi inayobandika tangazo itumie jina la Kiswahili na ieleze wazi mahitaji ya huduma. Mwananchi naye aulize maswali matatu kabla ya kuondoka dirishani. Je, huduma hii inahitaji intaneti, au ni kifaa tu cha ofisini? Asiye na simu janja ataipata wapi? Na baada ya kulipa, atabaki na uthibitisho gani mkononi au katika simu yake?

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Naye mtumishi anayeulizwa maswali hayo ana wajibu wa kuyajibu kwa lugha ambayo muulizaji anaielewa, hata kama foleni ni ndefu.