Choo, kisima na jiwe la chokaa

Leo tuseme juu ya jiwe hili tunalojengea nyumba. Sehemu kubwa ya ufuko wetu, kutoka Shimoni hadi Malindi, imekaa juu ya matumbawe ya kale, yaani jiwe la chokaa. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni, hasa yakipita udongoni, yakawa na ukali kidogo. Ukali huo hula jiwe polepole, miaka maelfu, ufa ukawa njia, njia ikawa pango. Shimoni si imepata jina lake kwa mapango hayo?

Sasa hatari iko hapa. Mchanga huchuja maji, lakini ufa hauchuji. Uchafu wa choo cha shimo unaweza kufika kisimani upesi, na maji yakaonekana safi kabisa, hata matamu! Zile mita 30 tunazoambiwa kila mara, kwenye mwamba wenye nyufa huenda zisitoshe. Kwa hiyo kabla ya kuchimba kisima tuulize choo kiko wapi, chetu na cha jirani pia. Shimo la choo lisichimbwe hadi kwenye maji. Na ya kunywa, akina mama na akina baba, tuyachemshe.