Afya ya Watumishi Igharimiwe na Nani? Hoja kutoka Tabora

Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kuelekea Bagamoyo au Ujiji alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na hakuutwika kabla ya kukubaliana juu ya posho yake. Mara nyingi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha merikani cha kununulia chakula vijijini. Mwenye msafara aliihesabu pamoja na ujira, kwa sababu posho ikikatika wapagazi hutoroka na mizigo ikabaki porini. Sina nia ya kuipamba kazi ile, iliyoua wengi kwa njaa na ndui. Nachukua jambo moja tu: gharama ya kumwezesha mtu kufanya kazi iliingia kwenye hesabu ya safari tangu mwanzo. Hoja yangu ni kwamba programu za afya na ustawi kazini zitadumu pale tu ambapo chanzo chake kikuu ni bajeti ya mishahara ya mwajiri mwenyewe.

Tazama zinavyoendeshwa sasa. Ofisi nyingi hutegemea bonanza la Jumamosi: fulana zenye nembo ya benki, maji ya chupa, mbio fupi, kisha watu wanapimwa presha na sukari mara moja na kuagana. Mdhamini asipopatikana mwakani, hata aliyekutwa na presha ya juu hapimwi tena. Upande wa VVU kulikuwa na fedha nyingi zaidi, ila za nje. Mwongozo wa mwaka 2014 wa kudhibiti VVU, UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukiza mahali pa kazi katika utumishi wa umma unawataka waajiri watenge fedha. Lakini palipo na mfadhili, kifungu hicho ni rahisi kusahaulika. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, ilionekana wazi jinsi huduma inavyoweza kuyumba kwa uamuzi uliofanywa mbali na anayeitegemea.

Wapo watakaosema mwajiri anakatwa vya kutosha. Mtumishi wa umma na mwajiri wake huchangia bima ya afya ya NHIF asilimia 3 ya mshahara kila mmoja, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ni kweli, lakini mifuko hii huja baada ya madhara: mmoja hutibu, mwingine hufidia. Fundi wa reli anayeinua mataruma kati ya Tabora na Kaliua anahitaji kulindwa mgongo kabla haujaumia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeshaweka gharama za uchunguzi wa afya mikononi mwa mwajiri, kwa hiyo msingi upo. Kwa sekta binafsi fedha nazo zipo: WCF ilipoanza mwaka 2015 waajiri binafsi walichangia asilimia 1 ya mishahara, kiwango kikashuka hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022. Ile nusu asilimia waliyopunguziwa ndiyo ninayopendekeza iende kwenye kinga. Mwenye mishahara ya shilingi milioni 100 kwa mwezi atapata milioni 6 kwa mwaka, kiasi cha kununua mashine za presha na kumlipa muuguzi anayekuja kwa ratiba.

Pingamizi zito zaidi linatoka halmashauri. Mishahara ya watumishi wengi hulipwa na Hazina, na mapato ya ndani ya Urambo, Kaliua au Uyui hutegemea sana ushuru wa tumbaku, usiozidi asilimia 3 ya thamani ya zao, unaopanda na kushuka na msimu. (Kuna kejeli kidogo katika kulipia elimu ya kuacha sigara kwa fedha hiyo.) Nakubali ugumu huo. Lakini halmashauri hizo hizo zimefungwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mapato yanayoyumba hayakufanywa sababu ya kutoiweka sheria hiyo. Kiwango kidogo cha kinga kinachohesabiwa kwa asilimia ya mapato hayo hupungua na msimu bila kufa.

Wafanyakazi nao wachangie? Kwa hiari, kupitia vyama vyao na SACCOS, kwa mambo ya ziada kama michezo. Kuwabebesha gharama ya msingi ni kuwapunguzia mshahara kwa njia ya kuzunguka.

Nawaomba maafisa utumishi na waweka hazina mliopo hapa mpeleke kifungu cha fedha za kinga kwenye Baraza la Wafanyakazi mapema, kiwemo kwenye rasimu ya bajeti kabla haijafika kwa madiwani. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na kisichokuwa na kifungu siku hiyo kitarudi kuombewa fulana kwa mdhamini.