DAKTARI ALIYEFUNGA MLANGO AKASHIKA KALAMU

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi mbele ya wakaaji wa kambi na wageni, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, Kamembe)



Kamati imenipa swali moja la kujibu leo: mtu aliyesomea udaktari au uuguzi, akiuacha na kufuata kazi ya sanaa, je, amepotea? Sababu ya swali hili mnaijua. Tunao wenzetu waliokuwa wauguzi ng'ambo ya mto Rusizi, na wengine walikuwa na zahanati zao ndogo huko Bukavu. Leo baadhi yao wanatunga michezo ya kuigiza, wanachora, wanaimba. Jamaa zao wanalalamika: tuliuza ng'ombe ili asome hata kupata A2, sasa anachekesha watoto!

Wazee wangu, malalamiko hayo yana haki yake. Lakini tuikumbuke pia zahanati yenyewe ilivyokuwa: chumba kimoja, kitanda kimoja, ndoo ya maji. Mgonjwa anabisha hodi usiku, anatibiwa, anasema atalipa mshahara ukitoka, na mshahara hautoki. Dawa zinanunuliwa kwa fedha mkononi, zinatolewa kwa deni. Mwenye nyumba anadai, mtoza kodi anadai. Wengine wao, kabla vita haijawafukuza, deni lilikuwa limeanza kuwafukuza.

Jambo hili si geni duniani. Nitawaeleza habari za watu wawili.

Wa kwanza ni Arthur Conan Doyle, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1859 na kusomea udaktari katika chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1882 alifungua chumba cha matibabu huko Southsea, katika mji wa Portsmouth, Uingereza, mfukoni akiwa na pauni zisizofika 10. Alingoja wagonjwa, wakaja wachache. Mwaka wa kwanza alipata pauni 154 tu. Alipojaza karatasi ya kodi na kuonyesha kwamba hana cha kutozwa, wakubwa wa kodi walimrudishia wakisema hairidhishi hata kidogo. Naye akawajibu kwamba anakubaliana nao kabisa! Alikuwa na mgonjwa mmoja mwenye duka, aliyeshikwa na kifafa, na malipo yake yalikuwa siagi na majani ya chai. Wauguzi wetu waliolipwa kuku na mihogo wanaelewa ninachosema.

Katika saa zile za kungoja, aliandika. Kitabu chake cha kwanza cha Sherlock Holmes, yule mpelelezi mashuhuri, kilitoka mwaka 1887. Haki zake zote aliziuza kwa pauni 25. Mwaka 1891 alihamia London, akafungua chumba kingine cha kutibu macho, na yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeingia. Mwaka huohuo, baada ya kuugua homa kali ya mafua iliyokaribia kumwua, aliamua kuufunga mlango ule na kuishi kwa kalamu. Kuanzia Julai hadithi zake zikatoka kila mwezi katika gazeti liitwalo The Strand, na watu wakazigombea.

Sasa angalieni hapa. Je, aliutupa udaktari? Huko Edinburgh alikuwa na mwalimu, daktari Joseph Bell, aliyeweza kumtazama mgonjwa mikono, viatu na mwendo, akataja kazi yake na alikotoka kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Sherlock Holmes ametokana na somo hilo. Na rafiki wa Holmes anayesimulia hadithi, Watson, ni daktari. Wagonjwa walimkimbia Doyle, lakini jicho alilofundishwa kuwatazamia lilibaki naye. Hata mwaka 1900, wakati wa vita vya Makaburu huko Afrika ya Kusini, alikwenda kuhudumu kama daktari katika hospitali ya Bloemfontein.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wana wa Kongo. Mwaka 1909 mtu huyuhuyu aliandika kitabu cha kushitaki ukatili uliofanyika katika Kongo ya mfalme Leopold wa Pili: watu kulazimishwa kuleta mpira wa msituni, vijiji kuchomwa, mikono kukatwa. Hakuwahi kufika kwetu. Alitumia ushahidi wa wamisionari na wa mabalozi, kama Roger Casement, akaupanga kama daktari anavyoandika dalili za ugonjwa. Leopold alikuwa amekwisha kuinyang'anywa Kongo mwaka 1908 ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji, lakini Doyle alitaka dunia isifumbe macho. Angebaki kungoja wagonjwa wa macho wasiokuja, kilio cha babu zetu kingekosa sauti moja iliyosikika mbali.

Mtu wa pili ni wa kwetu, Mswahili wa Unguja, Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Yeye hakuwa daktari. Alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, wale tunaowaita bwana afya, wanaopita nyumba kwa nyumba kutazama maji na uchafu. Baada ya miaka kama 10 aliiacha kazi hiyo, na mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya miaka ya 1957 na 1958, ikachapwa kitabu mwaka 1960. Ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ndugu wa Sherlock Holmes kwa Kiswahili. Lakini tazameni: alipotoka afya hakwenda kukaa barazani kungoja kipaji. Alishika uhariri, na baadaye gazeti la Mkulima hata kustaafu mwaka 1968. Kazi ya mshahara ililisha nyumba, hadithi zikaandikwa pembeni.

Kutokana na hao wawili, nina maneno matatu kwa vijana.

Kwanza, usivunje daraja kabla ya kupima kina cha mto. Doyle aliandika kwa miaka mingi akiwa bado anatibu. Alipofunga mlango, gazeti lilikuwa limekwisha kukubali kazi yake.

Pili, mgonjwa asiachwe njiani. Ukiwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika kambi hii na unataka kutoka, toa taarifa, kabidhi daftari, mwonyeshe mwenzako nyumba zenye wajawazito na wenye kifua kikuu. Asiyekabidhi ametoroka, hata kama anaimba vizuri.

Tatu, soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Kitabu kilichouzwa kwa pauni 25 kilitajirisha wengine.

Kwa wazazi nasema hivi. Siku kipindupindu kinapotishia ziwani, tunahitaji mchezo wa kuigiza wa kufundisha watu maji ya chumvi na sukari. Vipimo ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtunzi asiyewahi kushika mgonjwa anaweza kukosea chumvi kwa sababu ya kutafuta vina, na chumvi ikizidi mtoto anadhurika. Muuguzi aliyegeuka mtunzi hatakosea. Hapa Rwanda mchezo wa redio wa Urunana, ulioanza mwaka 1999, umefundisha afya kwa njia ya hadithi, na watu wamejifunza huku wakicheka. Kwa hiyo ng'ombe yule mliyemuuza hakupotea.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika, tuna ombi. Mnapoandika orodha za ufundi wa wakimbizi, mtu mmoja hupewa nafasi ya kazi moja tu. Akijiandika mwigizaji, uuguzi wake unafutika. Akijiandika muuguzi, na bado hajaruhusiwa kutibu hapa, anabaki bila kazi yoyote. Wekeni nafasi ya kazi mbili. Mtashangaa ni watu wangapi wenye elimu mnao humu ndani.

Kwa hiyo jibu langu kwa kamati ni hili: aliyeacha kazi ya hospitali kwa utaratibu, akachukua maarifa yake na kuyatumia kwa watu, hakupotea. Amehama tu, na kuhama sisi tunakujua.