GESI INAKWENDA WAPI?
Maelezo ya kamati kuhusu kiyoyozi cha gari letu, yaliyotolewa na Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka 10



Katika kikao cha hesabu wanachama waliuliza swali la haki kabisa: kwa nini daftari la gari lina "gesi ya kiyoyozi" mara tatu ndani ya mwaka mmoja? Wengine walisema kiyoyozi ni anasa, kizimwe. Jamani, gari letu linapeleka wagonjwa Mugumu, linabeba maharusi, linakodiwa na wageni wa miradi. Vumbi la kiangazi hapa Kenyamonta mnalijua. Mgonjwa hafunguliwi dirisha akameza vumbi njia nzima. Na mteja akikuta linapuliza joto, kesho anakodi gari la mwingine, na gawio la hisa zetu ndilo linalopungua. Kwa hiyo tunajibu.

Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Inazunguka humo humo. Kompresa inaikandamiza, inapita kwenye rejeta ndogo ya mbele inapoa na kuwa maji, halafu ikifika kwenye kipoozeo ndani ya dashibodi inachemka na kunyonya joto la ndani ya gari, kisha inarudi kwenye kompresa. Haiishi kwa kutumika. Mipira huipitisha kidogo kidogo kwa miaka, hilo ni la kawaida, lakini gesi ya kuisha kwa miezi michache inavuja, basi. Fundi wa mwanzo yeye kila mara alisema "imepungua, tuongeze". Ndipo mhazini wetu akakataa kulipa stakabadhi nyingine mpaka aonyeshwe tundu kwa macho yake.

Tukatafuta fundi mwingine, na kamati tukasimama naye mpaka mwisho. Alianza kwa kuangalia tu. Gesi hiyo haina rangi, lakini inatembea na mafuta ya kompresa, na pale inapotokea mafuta hubaki. Kwenye barabara zetu za changarawe mafuta hayo hushika vumbi, ukaona doa jeusi lenye utelezi. Akapitia maungio ya mabomba, mbele ya kompresa pale mhimili unapotokea, vifuniko vidogo vya sehemu za kujazia (hivyo vifuniko navyo huzuia gesi, visitupwe), na rejeta ndogo yote, maana ndiyo inayopigwa na mawe.

Akapaka povu la sabuni, injini ikiwa imezimwa. Tulidhani ni kinyume, lakini alitueleza vizuri: injini ikizunguka, upande mmoja wa mabomba presha yake hushuka sana, ikizimwa, presha husawazika pande zote na hata tundu la upande ule husukuma. Pia gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo mwenye kile kifaa cha kunusa gesi hukipitisha chini ya ungio, taratibu, pasipo upepo.

Gesi ikiwa imeisha kabisa, povu halina cha kulisukuma. Hapo hujazwa naitrojeni kavu. Oksijeni hapana! Ikikutana na mafuta kwa presha inaweza kulipuka. Kuna pia rangi maalumu inayozungushwa pamoja na mafuta, ukimulika taa ya zambarau inang'aa palipovuja. Na kuna kuvuta hewa yote kwa pampu na kutazama mshale wa geji kama utarudi. Ila hiyo inakuambia kuna tundu, haikuambii lilipo, na tundu dogo inaweza kuliacha.

Letu lilikuwa kwenye ungio la bomba na rejeta ndogo. Povu lilijaa pale kama maziwa yanayochemka. Ni kipete cha mpira kilichokauka. Kipete tu! Mhazini aliinama akakiangalia, ndipo akafungua mkoba. Kikabadilishwa, hewa na unyevu vikavutwa, mafuta yaliyopotea yakarudishwa, gesi ikapimwa kwa uzito. Mafuta msiyapuuze. Yakipungua, kompresa inakufa, na bei ya kompresa si ya mchezo.

Yale maji yanayodondoka chini ya gari kiyoyozi kikiwashwa si gesi. Ni unyevu wa hewa. Dereva alishazoea kuulizwa hilo na kila abiria.

Mkiambiwa gesi ya kupikia nayo inafaa, kataeni, inawaka moto. Na mtu asisogeze uso kwenye bomba linalofunguliwa: gesi ya gari letu, R134a, inachemka kwenye baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri, inaunguza ngozi na macho. Ile ya zamani, R12, iliharibu tabaka la ozoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Montreal mwaka 1993, na mwisho wa nchi zetu kuzalisha na kununua R12 mpya ulikuwa 2010. Hii ya sasa haigusi ozoni, lakini kilo moja ikitoka hewani inatia joto duniani kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa, ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kuipunguza. Kwa hiyo kujaza juu ya tundu kunatumwagia fedha na kunamwaga joto pia.

Sasa ombi la kamati. Fundi huyu tulimsubiri siku tisa, na gari lilisimama siku zote hizo. Tunapendekeza mkopo wa masomo kwa binti mmoja wa mwanachama akasomee ufundi wa majokofu na viyoyozi VETA, aurudishe kwa masharti ya katiba yetu kama mkopaji mwingine. Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya wavulana. Waje waseme kikaoni. Kura itapigwa kikao kijacho. Wenye mabinti waliomaliza kidato cha nne waandikishe majina kwa katibu leo, kabla ya chakula.